Siku Kumi na Mbili za Kuaga Lanet

Sajini Nicodemus Khaemba alirudi nyumbani saa saba mchana, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya, akavua kofia na kuiweka mezani karibu kabisa na unga ambao mkewe alikuwa anauchekecha. Kwa hilo tu Truphosa akajua kuna habari. Mumewe akamweleza kwamba amehamishiwa kikosi kingine cha Keya, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kule Nanyuki, na kwamba gari la jeshi litakuja kuwachukua na vyombo vyao tarehe ishirini. Pamoja na uhamisho huo amepandishwa cheo. Hilo la cheo alilisema mwisho, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa zawadi bila kujua itapokewaje.

"Zimebaki siku ngapi?" Truphosa akauliza.

"Kumi na mbili."

Akampongeza, maana alistahili, akaikung'uta ile kofia na kumrudishia. Khaemba alipoondoka, Truphosa aliacha chekecheo mezani akaenda kusimama mlangoni. Ulikuwa mwaka wa 1958. Alikuwa ameletwa Lanet miaka saba iliyopita, bibi arusi kutoka Kimilili mwenye sanduku moja la bati, na siku ya kwanza alilia kwa sababu nyumba zote za laini, ile safu ya makazi ya askari, zilifanana na alipotoka kuteka maji alishindwa kujua yake ni ipi. Sasa angeweza kutembea laini nzima akiwa amefumba macho na kusema huyu anapika nini na yule amegombana na nani. Binti zake wawili, Nekesa na mdogo wake, walikuwa wamezaliwa pale. Wanawake wa pale, Wanandi, Wakamba, Waluhya na Wajaluo, ndio waliompokea akiwa hana mama karibu, wakamkanda kwa maji ya moto na kumpikia uji.

Yeye naye alikuwa na kitu cha kuwapa. Alikuwa amesoma shule ya misheni hadi darasa la sita, na katika laini yote hakuna mke wa askari aliyefika hapo. Zamani barua zilisomwa na karani wa ofisini, na kabla ya jioni kila aliyekuwa kantini alikuwa anajua mambo ya nyumba yako. Wa kwanza kuchoka alikuwa Eucabeth, mama mnene wa Kimaragoli, ambaye mumewe alikuwa amepelekwa nchi ya Malaya, huko Asia, kupigana. Eucabeth alibisha mlango wa Truphosa akiwa ameshika bahasha kwa mikono miwili, akasema, "Mama Nekesa, nisomee wewe. Wewe huendi kantini."

Tangu siku hiyo barua zote zikawa zinapita kwake. Baadaye wanawake wakataka kujua kusoma wenyewe. Wakasaga makaa na betri kuukuu za tochi, wakapaka ukuta wa chumba cha kufulia nguo ukawa mweusi, na kila Jumamosi alasiri Truphosa akawa anasimama pale na chaki huku wanafunzi wake wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Wengi waliishia kuandika majina yao, wakaridhika. Mmoja hakuridhika. Huyo alikuwa Chepkurui, mke wa Koplo Kipkemei aliyekuwa kambi ya mpakani kaskazini, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi, wa pekee katika laini aliyeitwa kwa jina lake, maana hakuwa na mtoto wa kumfanya aitwe Mama Fulani. Chepkurui alisoma kila kilichomfikia: makaratasi ya sukari, matangazo ya ukutani, maandishi ya pakiti za mbegu. Alikuwa anaunganisha silabi polepole, kidole chini ya kila neno, lakini hakuruka neno.

Na hapo ndipo palipokuwa na mwiba wa Truphosa.

Mwaka mmoja uliopita Chepkurui alikuwa ameleta barua ya mama mkwe wake, iliyoandikwa kwa Kiswahili na mwandishi wa sokoni kule Kapsabet. Katikati ya salamu na habari za ng'ombe kulikuwa na sentensi mbili. Mama mkwe alisema miaka sita bila mtoto imetosha, kwamba wamezungumza na wazazi wa msichana fulani, na kwamba Kipkemei akipata likizo apitie kwao kwanza kabla ya kwenda Lanet. Truphosa aliinua macho, akaona Chepkurui anavyomwangalia kwa matumaini, akasoma salamu na ng'ombe tu. Aliona anamsaidia. Lakini Chepkurui alimjibu mama mkwe kwa shukrani nyingi na paketi ya majani ya chai, akajibiwa kwa ukali, akatuma shukrani tena, na hatimaye barua kutoka Kapsabet zikakatika kabisa. Mara kwa mara alikuwa akimwuliza Truphosa amemkosea nini yule mama. Truphosa alikuwa akisema hajui.

Barua zote za Chepkurui zilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti chini ya kitanda. Alikuwa ameshasema kwamba akijiweza atazisoma zote upya, kuanzia ya kwanza.

Siku za kwanza baada ya habari ya uhamisho zilipita kwa pilikapilika. Wanawake walianza kupanga chai ya kumuaga. Eucabeth akachukua jukumu la mandazi na kuanza kugombana na kila mtu kuhusu iliki. Truphosa aligawa vitu visivyoweza kusafiri: kuku, mitungi miwili, tuta la sukuma wiki. Kila alipokabidhi kitu alishukuriwa, na kila shukrani ilimkalia vibaya. Siku ya tano alimwambia mumewe jambo lile. Khaemba alisikiliza huku anapiga viatu rangi, akasema jeshini mtu anayeficha ujumbe anafungwa hata kama ujumbe wenyewe ni mbaya. Kisha akasema, kwa upole zaidi, kwamba yeye mwenyewe angetaka kuambiwa na mwenye kosa kuliko kujionea peke yake.

Kesho yake asubuhi Truphosa alikwenda nyumbani kwa Chepkurui, akakataa kiti.

"Kuna barua sikukusomea yote," akasema. "Ile ya mwaka jana, ya mama mkwe wako. Niliacha sentensi mbili."

Chepkurui hakuuliza ni zipi. Alipiga magoti, akavuta mkebe, akaitafuta ile barua, akakaa kitandani na kuanza kusoma mwenyewe. Truphosa alitaka kumsaidia, akajizuia. Ilichukua muda mrefu. Nje mtu alikuwa anapasua kuni, na kila shoka lilipopiga, kidole cha Chepkurui kilisogea kidogo, hadi kikafika pale na kusimama. Alisoma sentensi ya kwanza kwa sauti, silabi kwa silabi, halafu ya pili.

"Na mimi nilimtumia majani ya chai," akasema.

Truphosa akamwomba msamaha. Akaeleza kwamba alimhurumia, na hata alipokuwa anaeleza aliona neno hilo lilivyo dogo. Chepkurui aliikunja barua.

"Ulinihurumia kama mtoto," akasema. "Mimi si mtoto, Mama Nekesa. Mimi ndiye ninayeletewa mke mwenza."

Hakumfukuza, ila alisimama mlangoni mpaka Truphosa akatoka.

Jumamosi hiyo Chepkurui hakuja chumba cha kufulia. Jumapili hakuonekana kanisani. Wanawake waliuliza, na Truphosa, ambaye miaka yote alikuwa ametunza siri za kila mtu, safari hii aliamua kutoficha ya kwake. Akawaambia kwamba kuna barua aliisoma nusu, kwamba alikosea, na kwamba yaliyomo ni ya mwenyewe. Mmoja aliuliza kama yake ilisomwa yote. Truphosa akaapa kwamba ni hiyo moja tu. Eucabeth akasema barua ya Malaya iliyoeleza jinsi mumewe alivyopigwa risasi mguuni alisomewa yote, mpaka damu, na kwa hiyo anaamini. Wengine wakalegea. Lakini Truphosa alirudi nyumbani akijua kwamba angeweza kuondoka Lanet na mapenzi ya laini nzima, akakosa ya mtu mmoja, na kwamba huyo mmoja ndiye angemkumbuka zaidi.

Siku mbili kabla ya safari, alipokuwa anafunga magodoro kwa kamba, Chepkurui aliingia bila kubisha. Alikuwa na karatasi iliyoandikwa pande zote mbili kwa kalamu ya risasi.

"Nimemwandikia Kipkemei," akasema. "Usinisahihishe. Niangalizie anwani tu, nisije nikaipeleka kwa mwanamume mwingine."

Truphosa aliangalia anwani ya kambi ya mpakani kaskazini. Ilikuwa sawa. Hakushusha jicho kutazama zaidi, ingawa karatasi ilikuwa wazi mbele yake.

"Unaweza kusoma," Chepkurui akasema.

Katika barua ile alikuwa amemwambia mumewe kwamba amejua, kwamba hataki kusikia jibu kwa mdomo wa mtu, na kwamba kama anataka mke wa pili amwandikie mwenyewe, maana sasa mkewe anaweza kusoma. Maneno yalikuwa yamegongana, herufi nyingine zimegeuka. Truphosa alifika mwisho, akamrudishia karatasi. Chepkurui akakaa juu ya godoro lililofungwa.

"Wamekuwa wakiniuliza nani atawasomea ukiondoka," akasema. "Nimewaambia ni mimi. Lakini nimewaambia nasoma yote au sisomi kabisa. Asiyetaka yote aende kwa karani."

"Watakuja?"

"Watatu walikuja jana."

Ndipo Truphosa akalia, si sana, na Chepkurui akamshika mkono, akashika na ncha nyingine ya kamba. Wakamalizia magodoro pamoja.

Chai ya kuaga ilikuwa na mandazi mengi kupita kiasi na hotuba chache. Asubuhi ya tarehe ishirini gari likaja, vyombo vikapakiwa, mabinti wawili wakakalishwa mbele, na wanawake wakasindikiza mpaka lango la kambi, wengine wakiwa bado wamejifunga nguo za jikoni. Lori lilipanda vilima vya Dundori kwa kunguruma. Huko juu Khaemba alimwomba dereva asimame kidogo injini ipoe, na Truphosa akashuka na kuona ziwa chini, na ukingo wake wa waridi wa ndege wale heroe. Miaka saba aliishi karibu nalo na hakuwahi kuliona lote kwa mara moja. Alisimama pale mpaka alipoitwa.

Katika mwezi wao wa tatu huko Nanyuki barua ya Chepkurui ilifika. Kipkemei alikuwa ameshamkatalia mama yake tangu mwaka uliopita, na alifikiri mkewe anajua na amenyamaza kwa hasira. Mama mkwe naye, aliposikia kumbe Chepkurui hakusomewa yote, alipanda gari akaja Lanet mwenyewe. Alikaa wiki mbili. Walizozana siku nne, waliongea vizuri siku kumi, na mpaka anaondoka alikuwa ameanza kuandika jina lake kwenye ule ukuta mweusi, ila anapenda kuanzia upande wa kulia.

Truphosa alipofika hapo alicheka kwa sauti hadi Khaemba, aliyekuwa ananyoa ndevu, akatoka nje na povu shavuni kuuliza kuna nini.