Kola Thelathini za Monowara

Kitu cha kwanza nilichokigundua kwa Dada Monowara ni kwamba hakunitazama usoni. Alitazama kola ya shati langu, akaishika kwa vidole viwili, akasema imeshonwa na mtu mwenye haraka. Nilikuwa mpangaji mpya hapa Gazipur, mji wa viwanda vya nguo, chumba changu jirani na chake, nakwenda kwenye usaili. Alinitaka nivue shati palepale mlangoni, akaifumua kola na kuishona upya. Kazi nilipata, na mpaka leo namshukuru.

Kwa miaka kumi na sita alishona kola katika kiwanda cha nguo za kuuzwa nje. Kilipofungwa, alinunua cherehani kuukuu. Mwezi huu wa Ramadhani, Haji Kafil, mwenye duka la nguo karibu na stesheni, alimpa vitambaa vilivyokwisha kukatwa vya kanzu fupi thelathini za watoto, za Idi. Zikitoka vizuri, atampa ukuta mmoja dukani atundike nguo zake mwenyewe. Monowara alikubali kabla mzee hajamaliza kusema.

Kufikia adhuhuri ya siku ya kwanza kola zote thelathini zilikuwa tayari, nzuri ajabu. Kisha mkono wa kanzu ya kwanza ukamshinda. Aliufumua mara nne. Kiwandani kila mtu alikuwa na kipande chake, na mikono haikuwahi kupita mezani kwake. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba hajawahi kushona nguo nzima maishani, na wakati anakubali kazi ile jambo hilo halikumjia kabisa akilini.

Ijumaa, siku ya mapumziko huku kwetu, aliwaita wenzake wa zamani: Parul wa mikono, Bilkis wa ubavuni, Jahanara wa vifungo. Walikuja na cherehani zao kwenye mkokoteni, wakajipanga chumbani kama walivyokaa kiwandani, bila kuelekezwa na mtu.

"Kumbe miaka yote tulikuwa na fundi wa shingo," Bilkis alimtania. "Mwili ulidhani utaota wenyewe?"

"Shona, mama, acha maneno," alijibu Monowara, akicheka huku machozi yanamlengalenga.

Wakati wa kufuturu, mbele ya sinia la bisi za mchele na dengu, aligusia malipo. Parul alimkatiza.

"Nilipokuwa na mimba ya mwanangu Rubel, nani alimalizia fungu langu ili msimamizi asinifukuze? Nyamaza ule."

Akala. Kisha akamwomba Parul amfundishe kushona mkono. Kanzu ya thelathini aliishona peke yake, mwanzo hadi mwisho. Bega la kushoto la kanzu hiyo limejikunja kidogo.

Haji Kafil alizigeuza zote ndani nje. Kwenye ile ya mwisho alisita, akalipapasa bega, halafu akauliza aandike jina gani ukutani.

Jana kanzu ile ilinunuliwa, hatujui na nani. Idi ni keshokutwa, mwezi ukiandama. Monowara na wenzake watatu wamekwishachagua pa kusimama, kwenye uzio wa uwanja wa sala, watakapopita watoto wote. Ameniomba na mimi niwahi, nimsaidie kutazama mabega.