Rido ya Bibi Dafroza

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa nyumbani kwa watu, Bugarama. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimetumwa Ngara kukusanya majina ya vyombo vya nyumbani kwa ajili ya kamusi. Bibi Dafroza alinikaribisha sebuleni. Kwenye mlango wa chumba chake lilining'inia pazia la maua.

"Hii ni rido," akasema.

Kwa furaha ya msomi nikaiinua nikipapase kitambaa.

Kule, mgeni hagusi rido. Nyuma yake kuna kitanda cha mwenye nyumba.

"Chuoni mnafundishwa kuchungulia?" Bibi akauliza, akanionyesha njia kwa kidevu.

Bosi wangu, Mhariri Mkuu, hakunihurumia. "Neno hilo ni la Wafaransa, rideau. Waliovuka mpaka wamekuja nalo juzi. Lifute."

"Meza nayo ni ya Wareno, mzee. Tule sakafuni?"

"Basi thibitisha kwamba limekuwa la hapa, kabla hatujafunga herufi R."

Kidahizo, yaani neno linalobeba maelezo katika kamusi, hakiingii bila shahidi. Shahidi wangu alikuwa amenifukuza. Nikarudi, nikarudi tena, nikikaa uani kumsaidia kupukuchua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mchunguliaji hajachoka?"

Hadi siku mvua iliponyesha. "Ingia. Kaa ukiangalia barabara."

Nikaipa rido mgongo, naye akasimulia. Mama yake alikuwa mshonaji kwa masista wa Burundi. Jina alilisikia kwao. Mama na mwana walipokimbia kuja huku, mama aliing'oa rido mlangoni akambeba nayo Dafroza mgongoni. Walipofika huku wakajenga kibanda, rido ndiyo kitu cha kwanza walichotundika.

"Mlango hatukuwa nao, mwanangu. Lakini chumba tulikuwa nacho. Majirani Wahangaza, wenyeji wa hapa, wakashona za kwao, na jina wakachukua. Andika ni la hapa."

Mhariri Mkuu aliposoma maelezo yangu akasema, "Liache libaki."

Sasa nimestaafu, na vijana wa kazi hii wana simu za kurekodia. Vizuri. Ila neno la nyumbani lina mwenyewe, na kwake mtu huingia anapokaribishwa.

Wakati ule kamusi ilipotoka niliipeleka Bugarama. Bibi aliniambia nimsomee lile neno mara mbili. Kisha akainuka, akaishika rido, akaifungua yote kwa mkono wake.

"Haya, chungulia."

Nikaangalia barabara.