Dada wa Visiwani

Binti yangu amerudi kutoka likizo visiwani akaniletea kombe la baharini. Nililinusa mara moja, chumvi na shombo, nikaliweka nje ya mlango. Amenuna, na anune.

Visiwa vile navijua. Mama alikuwa mpishi wa watalii huko, mimi nikiishi kwa bibi Tabora. Likizo moja akaagiza nipelekwe. Aliponipokea gatini, mikono ikinuka samaki, aliinama akaninong'oneza: "Hapa wanajua sina mtoto. Niite dada."

Wiki nzima watalii walinipandisha boti yao, wakanivisha miwani ya kuzamia, nikaona kasa na samaki wa kila rangi. Na kila asubuhi nilipita jikoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," aliitikia, bila kugeuka, akiendelea kukuna nazi.

Nikarudishwa kwa boti, kisha kwa treni. Tangu kituo cha Tura nilikuwa nalijaribu neno mama kimoyomoyo, nikaona haliji. Bibi alinipokea stesheni, akanipangusa vumbi usoni kwa ncha ya khanga.

"Haya, mama yako hajambo?"

"Dada hajambo," nikamjibu.