Niliiponda chupa ya mkwe wangu, sasa binti yangu anadhani kosa ni lake

Admin, jina langu lifiche, ila Mkuyuni ya hapa Mwanza paache tu, ni pakubwa, hawatanijua. Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, mjane, nina watoto watatu, nakaanga sangara na kuuza. Shule niliishia darasa la nne, mkiona maandishi yamepinda mnivumilie.

Nina marafiki watatu wa siku nyingi. Mmoja, nimwite Mama Asteria, aliwahi kupika kwenye hoteli ya wazungu, huko ndiko alikojifunzia mambo ya waini. Basi Jumapili moja kila mwezi, tukitoka kanisani, tunakutana kwake mchana. Kila mtu analeta chupa ya waini nyekundu ya Hispania, sharti isizidi bei ya kuku mmoja wa kienyeji. Mama Asteria anazivika magazeti huko jikoni, anaziandika namba, halafu tunaonja kidogo kidogo bila kujua ipi ya nani, kila mtu anasema lake. Mwisho ndiyo magazeti yanachanwa. Majina yake hatuyawezi, tunaziita kwa picha: ya farasi, ya mnara, ya yule mama mwenye upepeo.

Jamani, sisi si walevi. Ndiyo raha pekee niliyonayo tangu baba watoto afariki. Nikionja nasema hii ina zambarau zilizoiva, hii ina moshi kama wa samaki wa kubanika, hii inakausha mdomo kama ndizi mbichi, na Mama Asteria anapiga kofi, "Ndivyo walivyokuwa wanasema wazungu wenyewe!" Mtu wa darasa la nne mimi, nikaona kumbe na mimi kuna kitu nakijua.

Sasa binti yangu wa kwanza, nimwite Rehema, ana miaka ishirini na saba, alichumbiwa na kijana wa Magu. Barua ya posa tulishaipokea, ikabaki mahari. Mama wa kijana alikuja Mwanza kumwona dada yake, nikasema ngoja nimkaribishe kwenye Jumapili yetu tuzoeane. Kwetu mgeni haleti chupa. Ila nilisahau kwamba huyu ni mkwe, na mkwe haingii kwa watu mikono mitupu. Kumbe alipofika alipitia jikoni akampa Mama Asteria chupa yake, na Mama Asteria akaivika gazeti kama zingine, hakuniambia.

Ikafika namba tatu. Nikaonja, imechacha, inachoma koo. Nikajua tu hii ni ya Mama Shija, mwenzetu mbahili ambaye kutaniana naye ni kila siku. Nikasimama kabisa na glasi yangu.

"Haya ni maji ya kuoshea sufuria ya maharage! Mtu anayenunua hii, kama una binti usimwoze kwake. Atakula ugali kwa chumvi mpaka azeeke!"

Wakacheka mpaka machozi. Mama Shija akasema, "We, usinitazame mimi, yangu naijua ladha yake, tumeshainywa, ilikuwa ya kwanza!" Nikamgeukia Mama Asteria, nikakuta anaangalia chini. Mkwe akaivuta ile chupa, akachana gazeti mwenyewe, polepole.

"Ni yangu, mama," akasema. "Mimi hata pombe sinywi. Nilimuuliza muuza duka ipi ya Hispania, akanipa hii. Sikutaka uaibike mbele ya wenzako kwamba mkwe wako kaja hivihivi."

Nilichanganyikiwa. Nikamimina glasi ikajaa, nikainywa yote mbele yake, nasema mbona tamu tu mkwe wangu, nilikuwa natania. Akanishika mkono. "Usijilazimishe, mama." Akaaga, soda yake hata nusu hajafika.

Wiki iliyofuata mshenga akaja, Rehema yuko kazini. Akasema siku ya mahari imesogezwa, haijulikani mpaka lini. Nikambana, akanieleza, "Yule mama hajakasirika, analia tu. Anasema mama wa binti mwenyewe katamka binti asiozwe kwake, sasa aende tena pale na uso gani?" Kijana wao wamemwambia ni mambo ya wazee, asubiri.

Hapa sasa ndipo panaponiua. Siku hizohizo Rehema alikuwa amemweleza mchumba wake kwamba zamani akiwa chuo alipata mimba ikatoka. Hakuna aliyemlazimisha, alitaka tu aolewe bila siri. Aliposikia mahari imesogezwa akaja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akaniambia, "Mama, ni lile jambo langu. Amewaambia kwao."

Nilipaswa kusema palepale. Badala yake, Mungu ananiona, nikamjibu, "Si ungenyamaza tu, mwanangu."

Huu ni mwezi wa pili. Rehema hali chakula vizuri, amekonda, na nguo ya sendofu amemwambia fundi asiikate. Mchumba wake anapiga simu, hapokei, eti anaona aibu. Yule kijana akichoka kupiga je? Juzi ameniambia, "Mama, mimi sitamwambia tena mtu ukweli wa maisha yangu." Nilienda chooni nikalia na kitenge mdomoni.

Mama Asteria anasema niende Magu nikapige magoti. Mama Shija anasema nikienda bila mshenga nitaharibu zaidi. Na nikienda, Rehema atajua kila kitu, atajua nimemwacha ateseke kwa kosa langu mimi mama yake. Naogopa hatanisamehe.

Wazazi wenzangu, na nyie mabinti mliowahi kufichwa jambo na mama zenu, niambieni naanzia kwake au naanzia Magu, na naanza na neno gani. Msinitukane sana. Hapa ninapoandika yuko uani anafua, na kila akiinua macho kunitazama, mimi natabasamu.