Sufuria Iliyowekwa Wakfu Hillbrow

Safari yangu ya Johannesburg ilianza kwa simu ya Byamungu, Mkongo wa Uvira niliyesoma naye chuo cha Biblia hapa Mbeya, ambaye siku hizo alikuwa mchungaji wa kanisa dogo la Hillbrow, mtaa wa jiji hilo. Ilikuwa mwaka 2011. Waumini wake walitaka semina ya vyombo vitakatifu vya Waisraeli wa kale: birika, kinara cha taa, meza ya mikate, vilimaanisha nini na vinatuhusu nini. Alisema mtu wa kuifundisha ni mimi. Nilisitasita kidogo kwa heshima, kisha nikaanza kukunja nguo kabla hajakata simu. Mtu aliyezoea kufundisha mbele ya wanafunzi wanaosinzia hakatai kuitwa ng'ambo.

Tunduma tulivuka salama, Lusaka tukabadili basi, Harare tukabadili tena. Mpakani Beitbridge afisa aliniuliza naenda kufanya nini Afrika Kusini. Ningejibu kwamba namtembelea rafiki, mambo yangekwisha. Lakini mwalimu haachi ualimu, nikamweleza kwamba naenda kwa shughuli ya vyombo vya dhahabu. Alinitoa kwenye foleni, akafungua begi langu na kukuta michoro yangu ya manila: kinara chenye matawi, meza, na birika nililolipaka rangi mwenyewe. Aliitazama michoro ile kwa muda, akanirudishia na kuniambia kwamba uchoraji si kipaji changu. Abiria wote walinisubiri ndani ya basi, na hakuna aliyenisemesha mpaka Polokwane.

Asubuhi tulipoingia Midrand, nikaona majengo ya vioo na maghala makubwa, nikajua tumefika. Nikavaa viatu, nikafunga kamba, nikashika begi mapajani. Jirani yangu, mama wa Kizimbabwe, aliniambia kwa upole kwamba nivivue tu, Johannesburg bado. Nilibaki navyo, kwa kiburi.

Hillbrow lifti ya jengo la Byamungu ilikuwa imekufa zamani, na kanisa lilikuwa ghorofani. Rafiki yangu alikuwa amenenepa. Alipanda ngazi mbele yangu akihema na kunieleza kwamba mazoezi haya ndiyo yanamweka mwembamba, nami nikaacha jambo hilo lipite. Ukumbini nilikuta Wakongo, Warundi na Watanzania wachache, wasusi, mafundi cherehani na walinzi, wameshajaa. Watoto wao walikaa nyuma wakinong'ona Kizulu.

Siku ya kwanza nilifundisha vizuri, na nasema hivyo bila aibu. Niliwaeleza kwamba kinara kilionyesha kuwa mbele za Mungu hapalali giza, na mikate ya mezani ilisema kwamba makabila yote yanakumbukwa. Birika la shaba, nikawaambia, lilitengenezwa kwa vioo vya wanawake waliohudumu mlangoni mwa hema: mtu alitoa kile alichojitazamia uso, kikawa cha kunawia makuhani. Kisha nikafika kwenye mafuta. Chombo kikishapakwa mafuta, nilisema nikipandisha sauti, kimetengwa, hakirudi tena kwenye kazi za kawaida. Nikawasimulia na habari za mfalme wa Babeli aliyenywea divai vyombo vya hekalu, mkono ukaandika ukutani, na usiku uleule akafa. Niliigiza mkono ule kwa mkono wangu mwenyewe. Hakuna aliyesinzia.

Kesho yake Byamungu alitaka waumini walione birika kwa macho. Michoro yangu, nadhani, ilikuwa imemkatisha tamaa na yeye. Akaomba chombo kikubwa, na Mama Furaha akatoa sufuria yake.

Mama Furaha alikuwa mpishi wa harusi, misiba na ubatizo wa Wakongo na Warundi wote wa pale. Zamani alikuwa na spaza, kiduka cha nyumbani, kule Diepsloot, mpaka fujo za mwaka 2008 za kuwafukuza wageni zilipokisomba chote. Sufuria ilipona kwa sababu wakati ule alikuwa ameiazimisha kwa watu wenye msiba. Ilikuwa pana kiasi cha kumwogeshea mtoto mkubwa, na wanaume kadhaa waliipandisha ngazi wakilalamika. Tulinawa mikono mmoja mmoja. Ilipendeza mno, na hapo ndipo Byamungu, roho imempanda, akachukua chupa ya mafuta ya zeituni, akaipaka sufuria pande zote na kutangaza kwamba imewekwa wakfu kwa Bwana. Amina yangu ilizishinda zote kwa sauti.

Alhamisi Mama Furaha alikuja kuchukua sufuria yake. Wazee wa kanisa wakamkatalia. Walikuwa wameifunika kitambaa cheupe, wakaiweka karibu na mimbari, na hakuna aliyekuwa tayari kubeba lawama za mfalme wa Babeli. Byamungu aliwaita wote, akaketi, akasema kwamba kwa bahati nzuri mtaalamu wa vyombo tunaye hapa hapa. Nilimtazama rafiki yangu, naye akawa anatazama dari.

Mama Furaha hakulia wala hakufoka. Alinigeukia mimi.

"Mwalimu, siku ya posho niko na harusi," alisema, na Jumamosi wao huiita hivyo. "Watu ya bibi-arusi wananingojea mimi na ile sufuria. Nikikosa hii, Hillbrow yote itasema Mama Furaha hawezi tena. Sasa nitapikia mu nini, mu kofia ya Pasta?"

Hakuna aliyecheka, ingawa kofia ya Pasta ilikuwa kubwa. Nilijisikia vibaya sana. Yule mama alikuwa anapoteza kazi yake kwa sababu ya sauti yangu niliyoipandisha. Nikafungua Biblia, na nashukuru kwamba nilikumbuka mahali pa kutazama. Niliwaambia kwamba hata Shilo, nyumbani kwa Mungu, kulikuwa na masufuria, na yalichemshiwa nyama. Halafu nikawasomea maneno ya nabii mmoja, kwamba siku inakuja ambapo kila chungu cha Yerusalemu na Yuda kitakuwa kitakatifu kama mabakuli ya madhabahuni, na watu watakuja, watavichukua na kupikia. Nikasema sufuria haiondolewi wakfu. Itapika ikiwa wakfu.

Wazee walinong'onezana. Mmoja wao, mlinzi wa benki, akasimama na kuuliza swali la kikazi. "Sawa, Mwalimu. Wa kwanza kula atakuwa nani?"

Wote wakanitazama.

Jumamosi, kabla ya maharusi kukaa sawasawa, nililetewa sahani yangu: wali, nyama ya mbuzi na sombe, yale majani ya muhogo ya kutwangwa. Hakuna aliyegusa kijiko, kama tunasubiri matokeo ya mtihani. Nikatia tonge kubwa mdomoni, ili waone imani. Nilikuwa sijaambiwa habari za pilipili ya Uvira. Nilikohoa, machozi yakanitoka, nikashika meza. Mama mmoja akamwondolea mwanawe sahani, na Byamungu, Mungu amsamehe, akaanza sala ya kumkabidhi marehemu. Nilipunga mkono kuomba maji. Nikanywa, nikafuta uso, nikaomba niongezewe nyama, na hapo ndipo vijiko vilipoanza kugonga sahani.

Walikula mpaka ukoko. Kesho yake baada ya ibada, wale wale wazee walipanga foleni na masufuria yao wakitaka mafuta. Byamungu alisema chupa imekwisha.

Jumatatu Mama Furaha alinisindikiza Park Station, kituo cha mabasi, na chakula cha njiani ndani ya bakuli lililofungwa kitambaa. Tulipokuwa tunasubiri basi nikamuuliza kama aliogopa alipowasha moto chini ya sufuria ile. Nilitegemea aniambie kwamba maneno ya nabii yalimtia nguvu.

"Niliogopa, Mwalimu," alisema. "Si Mungu. Mungu anajua nina watoto. Niliogopa nitapika, kisha watu hawatakula."

Basi lilikuja, tukaagana. Nimefundisha maana ya kinara, meza na birika kwa miaka mingi, na hofu ya mpishi sikuwahi kuigusa. Sasa nikiingia darasani huanza nayo, na vyombo vya dhahabu husubiri zamu yao.