Upepo wa Dada Biira

Nikiwa mtoto, nilitoa upepo kwenye gurudumu la kiti cha mbio za walemavu cha Dada Biira, jirani yetu wa Bwera, ili asimame atembee, nimkamate uongo wa kujifanya kiwete. Juzi nilimwona Kasese na medali yake, mgongo ukaniwasha tena.

Mikono yake ilikuwa minene kuliko ya wabeba mizigo wa mpakani. Mimi nilimshuku: nani anapata nguvu hiyo kwa kukaa? Sikujua mazoezi ni nini. Tairi ikazomea, harufu ya mpira ikapanda. Na kesho yake alikuwa anaenda Kampala, kwenye mchujo wa timu ya taifa!

Aliponiona, hakusimama. Aliokota kiazi, akakirusha kama tufe, kikanipata mgongoni nikiwa nimeshafika migombani. Nikamkimbilia mama nikilia.

Mama akanirudisha kwa Biira, akaiona tairi, akasema, "Uko na miguu mbili, enda mbio utafute pampu. Biira, shika kiazi ingine. Akichelewa, mupige."