Kelele za Ini

Mama alikuwa amegeuka manjano, macho na viganja, na homa ilimtetemesha hadi kitanda cha hospitali kikawa kinagonga ukuta. Njia ya nyongo ilikuwa imeziba na kujaa usaha. Daktari, msichana mdogo kwangu, alinivuta kando.

"Kwa ini kuna seli za kinga," akasema. "Kazi yao ni kumeza sumu ya bakteria isiingie kwa damu. Lakini sumu ikizidi, hizo seli zinapiga kelele mpaka mwili unajichoma wenyewe. Presha imeanza kushuka. Tunampasua leo. Asikule kitu."

Nilishuka kununua dawa. Niliporudi, tata alikuwa ameketi kando ya mama, termosi wazi. Tata ni dada mkubwa wa mama. Anauza viazi vitamu Karatina, na kwake mgonjwa asiyepewa supu ya mifupa na mizizi ni mgonjwa aliyetupwa. Kikombe kilikuwa kitupu.

"Umemnywesha?"

"Kikombe moja tu. Ati mnataka akufe njaa?"

Nilimfokea mbele ya wodi nzima. Nilimwambia abebe termosi yake aende, nisimwone tena pale. Alifunga kifuniko polepole akaondoka. Kwetu mtu mzima akiondoka hivyo, ameumia.

Daktari wa kumtia usingizi alikataa katakata: supu ingepanda iingie mapafuni. Lazima tungoje. Tukangoja, dripu ikishuka tone kwa tone na presha ikishuka nayo. Niliogopa, sitadanganya. Niliwaza zile seli zinavyomeza na kupiga mayowe, nikaziomba zimeze tu, zipunguze kelele.

Jioni walimchukua. Alirudi akiwa hai.

Asubuhi homa ilikuwa imetulia. Mama akafumbua macho, nami nikainama karibu, nikijua ataniita.

"Dada yangu ako wapi?"

Nilitamani kumsimulia alichofanya huyo dada yake. Kilinifika kooni, nikakimeza, nikashuka ngazi. Tata alikuwa kwenye benchi langoni, nguo ni zile za jana, termosi mapajani. Hakuwa amerudi Karatina.

"Anakuita," nikasema.

Aliinuka akijikung'uta sketi, kisha akanipa termosi nimbebee.